Sindano ya Kutuliza na Mtoto Mwenye Dege



Mwezi uliopita tulipokea barua ya bibi mmoja, mkaazi wa mwambao huu wetu, yenye swali moja tu. Anauliza kama ni kweli kwamba mtoto aliyeshikwa na dege akidungwa sindano hafiki alfajiri. Mjukuu wake alishikwa usiku, tuktuk ikawa tayari mlangoni, na watu wa nyumba wakagawanyika: mama mtoto ataka kwenda hospitali, shangazi ashikilia kwamba sindano ndiyo itakayommaliza. Walikwenda, na mtoto, alhamdulillahi, yu hai. Hata hivyo bibi ataka kujua ni yupi kati ya wale wawili aliyekuwa na haki.

Swali hili si geni. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo, ng'ambo ya mpaka, katika miaka ya 1990 waliikuta imani hiyo hiyo miongoni mwa wazazi, na kwa ajili yake watoto wengine wakicheleweshwa kwanza kwa mganga, hospitali ikawa mwisho wa safari. Tungeweza kumjibu bibi kwa maneno mawili, "si kweli", kisha tukageukia jambo jingine. Lakini jibu hilo lingekuwa la haraka mno, wala lisingemtendea haki shangazi. Ndani ya khofu yake mna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo ambayo muuguzi hufundishwa kuilinda kila anapochukua kichupa cha dawa ya kutuliza mkononi mwake.

Tuanze na dege lenyewe. Wazee wetu waliliita hivyo kwa kuona mtoto anavyotetemeka na kukunja mikono kama aliyepitiwa na ndege mkubwa, macho yakageuka juu na taya zikafungana. Madaktari huliona kuwa ni mtikisiko wa ubongo, na ubongo wa mtoto mdogo hutikisika kwa sababu nyingi: homa kali, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka damuni, au kifafa. Aghalabu dege la homa huwashika watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano. Mengi ya madege hayo hukoma yenyewe kabla ya dakika tano kutimia. Lile lisilokoma ndilo linalohitaji dawa, kwani kila dakika inayozidi, ubongo hula sukari na hewa yake, na mtoto hupumua vibaya.

Dawa inayotumika sana katika hospitali zetu ni diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Ni dawa ya kutuliza: huupoza ubongo uliochafuka, misuli ikalegea, mtoto akalala. Tatizo ni kwamba ubongo huo huo unaotulizwa ndio unaoamrisha kifua kupanda na kushuka. Dawa ikiwa nyingi kupita kiasi, au ikiingia kwa kasi, au ikikutana na dawa nyingine ya jamii yake, mtoto huacha kutikisika na huacha kupumua pia. Hapo ndipo ilipo chembe ya ukweli tuliyoitaja.

Kuna ushahidi wa jambo hili uliotoka hapa hapa kwetu, nao tungependa kila nyumba iujue. Katika hospitali ya Kilifi, madaktari walifanya utafiti kwa watoto 340 waliokuwa na malaria ya kichwani. Nusu yao walipewa sindano moja ya fenobabitoni, dawa nyingine ya kuzuia dege, na nusu wakapewa sindano isiyo na dawa, bila ya wauguzi kujua nani amepewa ipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet. Kwa upande mmoja dawa ilifanya kazi yake: waliorudiwa na dege mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11 tu, ilhali kwa wale wasioipata walikuwa asilimia 27. Lakini waliokufa miongoni mwa walioipata walikuwa watoto 30, na miongoni mwa wasioipata 14. Dege lilipungua, vifo vikazidi maradufu. Madaktari walipoyachunguza mafaili waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliokuwa wamepewa pia diazepamu mara tatu au zaidi. Dawa mbili za kutuliza zilikutana katika mwili mmoja mdogo, na pumzi ikakatika.

Tunaupenda utafiti huo kwa sababu ya ukweli wake. Wangeweza kutazama dege peke yake na kutangaza ushindi. Walihesabu pia makaburi, na tangu hapo miongozo ya kuwatibu watoto imekuwa na hadhari kubwa zaidi juu ya kurundika dawa za kutuliza. Kwa hiyo shangazi hakuwa mjinga. Alichokosea ni pale alipodhani kwamba sindano yenyewe ndiyo muuaji. Dege lililoachwa nusu saa bila ya dawa ni hatari kubwa kuliko sindano moja iliyopimwa vizuri. Linaloua ni kipimo kisichojulikana, haraka isiyo na sababu, na dozi zisizohesabiwa.

Sasa tumfuate muuguzi katika dakika zile chache ambazo mzazi huwa nje ya pazia akitetemeka, na hajui kinachofanyika ndani.

Jambo la kwanza analolifanya halina uhusiano na dawa. Humlaza mtoto ubavu, hulegeza nguo shingoni, huondoa povu mdomoni, humpa oksijeni, na humtoboa kidole au kisigino apate tone la damu la kupimia sukari. Ikiwa sukari imeshuka, mtoto atahitaji maji ya sukari mshipani, na diazepamu pekee haitamsaidia. Wazazi wengi huona hapa kwamba muuguzi anapoteza wakati: mtoto anatikisika, yeye anapima damu. La, hapotezi. Anatazama pia saa ya ukutani, kwani ataka kujua dege limechukua dakika ngapi tangu lianze, na swali hilo atamuuliza mama. Mama anayeweza kujibu, "lilianza tulipokuwa tunamaliza swala ya Isha, na tumetoka nyumbani papo hapo," amempa muuguzi kitu cha thamani.

La pili ni uzito. Dozi ya mtoto haipimwi kwa umri wala kwa kumtazama, hupimwa kwa kilo. Kama kuna mizani, mtoto huwekwa juu yake pamoja na mama, kisha uzito wa mama ukatolewa. Kama hali haikuruhusu, muuguzi hukisia kwa umri akitumia jedwali lililobandikwa ukutani. Mathalani mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 3 za diazepamu kwa njia ya mshipa. Kichupa cha kawaida kina miligramu 10 ndani ya mililita 2. Miligramu 3 basi ni sehemu ya mililita, 0.6, tone chache tu chini ya bomba la sindano. Akivuta mililita 2 zote kwa kughafilika, amempa mtoto zaidi ya mara tatu ya haki yake. Ndiyo maana muuguzi mzuri huchagua bomba dogo la mililita moja lenye mistari myembamba, huandika hesabu yake kwenye karatasi, kisha humwita mwenzake aihesabu upya bila ya kuonyeshwa jibu. Wawili wakipata namba moja, kazi inaendelea. Wasipoafikiana, husimama, hata kama mtoto anatikisika. Hilo ni gumu kulifanya mbele ya mama anayelia, na yafaa tuwaombee wanaoliweza.

Makosa ya namna hii hayatokei Afrika peke yake. Uingereza mwaka 2008 wasimamizi wa usalama wa wagonjwa walilazimika kutoa onyo kwa hospitali zote kuhusu midazolamu, binamu wa diazepamu, kwa sababu vichupa vyake huja kwa makali tofauti. Mkono uliozoea kichupa chepesi ulishika kichupa kikali, na mgonjwa akapewa kupita kiasi. Vichupa vikali viliondolewa katika wodi nyingi, vikaachwa pale tu vinapohitajika. Tunalitaja hili ili asije mtu akasema kwamba hadhari ni jambo la hospitali maskini.

Kisha kichupa chenyewe. Muuguzi hukisoma jina mara tatu: anapokitoa kabatini, anapovuta dawa, na kabla ya kukitupa. Vichupa vingi hufanana kwa umbo na rangi, na jina huandikwa kwa herufi ndogo zinazofutika kwa spiriti. Huangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Huinua kichupa mwangani aone kama dawa imebadilika rangi au ina chembechembe. Hukigongagonga shingoni dawa ishuke, hukivunja kwa kipande cha shashi akielekeza mbali na uso wake, maana kioo hukata vidole na vipande vyake huweza kuingia ndani. Mikono keshaiosha. Sindano na bomba ametoa katika karatasi zao mbele yako, na una haki ya kuziona zikifunguliwa.

Diazepamu ina tabia yake ambayo dawa nyingine hazina. Haikubali maji kirahisi. Watengenezaji huiyeyusha katika kimiminiko kizito chenye mafuta-mafuta. Ukiichanganya na maji au na dawa nyingine ndani ya bomba moja hugeuka ukungu mweupe, na ukungu huo haufai kuingia mshipani. Kwa hiyo muuguzi hatakiwi kuizimua ili apate urahisi wa kupima, wala kuivuta pamoja na dawa ya homa ili amalize kwa mdungo mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo haipendelewi kwa msuli: ikidungwa takoni huingia damuni polepole tena bila ya mpango, leo upesi, kesho kwa kuchelewa, na dege halingoji.

Wazee wetu wa zamani katika kazi hii walikuwa na dawa yenye ukorofi kuliko hiyo. Paraldihaidi iliyeyusha plastiki, ikabidi ivutwe kwa bomba la kioo na kudungwa mara moja, na harufu yake ilikaa wodini na katika pumzi ya mgonjwa kwa saa nyingi. Ikikaa sana huoza ikawa kama siki na rangi yake hugeuka hudhurungi, na hapo haifai tena. Bibi zetu waliowahi kulala na watoto wodini miaka hiyo huenda waikumbuke harufu ile kabla ya kulikumbuka jina.

Njia ya kumpa mtoto diazepamu ni mbili, na hapa tuna habari ambayo huenda ikamtuliza shangazi kuliko hoja zetu zote. Mshipa wa mtoto anayetikisika ni mgumu kuupata. Ukikosekana, dawa haipigwi sindano kabisa. Muuguzi huivuta ndani ya bomba, huitoa sindano na kuitupa, kisha hulipaka bomba lile tupu kilainisho na kuliingiza kidogo katika njia ya haja kubwa, akaisukuma dawa, na kuyabana matako ya mtoto kwa dakika chache isitoke. Kipimo chake ni kikubwa kidogo, nusu miligramu kwa kila kilo. Hakuna chuma kinachougusa mwili. Wazazi wengine huona haya au hukasirika wakiona hivyo, wakidhani mtoto anadhalilishwa. Tunawaomba wasimzuie muuguzi. Kuta za sehemu ile zina mishipa mingi, na dawa hufika ubongoni kwa dakika chache.

Ikiwa mshipa umepatikana, basi hadhari kubwa ni mwendo. Dawa husukumwa polepole sana. Kwa mtu mzima isizidi miligramu 5 kwa dakika. Kwa mtoto ile sehemu ndogo ya mililita huchukua dakika nzima au zaidi, muuguzi akitazama kifua na saa kwa zamu. Huu ndio wakati ambao jamaa humuona ni mzembe. Tumesikia watu wakipaza sauti, "Si umalize!" Anayemaliza upesi ndiye wa kuogopwa. Na dege likikoma katikati ya kusukuma, muuguzi husimama pale pale. Dawa iliyobaki hutupwa, hata kama ni nusu ya bomba.

Dege lisipokoma baada ya dakika 10 huweza kurudiwa dozi ya pili. Baada ya mbili muuguzi hapigi ya tatu kwa mazoea. Daktari huitwa, dawa ya aina nyingine huangaliwa, na mtoto hukaliwa karibu zaidi, kwa sababu ya yale yaliyoonekana Kilifi. Watoto wachanga walio chini ya mwezi mmoja wana utaratibu wao mwingine, wala hawaanzwi na diazepamu.

Kabla ya yote hayo kuanza, pana kitu ambacho lazima kiwe tayari kando ya kitanda, nacho ni mfuko wa mpira wa kupulizia pumzi wenye barakoa inayoenea uso wa mtoto. Ipo dawa ya kuyabatilisha makali ya diazepamu, lakini haipatikani kila mahali, na kwa mtoto wa dege huweza kulirudisha dege lenyewe. Tegemeo la kweli ni ule mfuko na mikono inayojua kuutumia. Mtoto aliyeacha kupumua kwa sababu ya dawa ya kutuliza hupuliziwa hewa mpaka dawa ipungue nguvu, naye huanza tena kuvuta pumzi mwenyewe. Wodi yenye dawa bila ya mfuko ina nusu ya tiba. Ikiwa miongoni mwa wasomaji wetu wamo wanaokaa katika kamati za zahanati au wanaotafuta mahali pa kuweka sadaka, mifuko hii ya saizi ya watoto, na ile mashine ndogo ya kubana kidoleni inayosoma kiwango cha oksijeni, si vitu ghali vikilinganishwa na marumaru ya ukumbini.

Mtoto hulala baada ya sindano. Usingizi huo ndio unaowatia watu wasiwasi, na si bure. Muuguzi huhesabu pumzi kwa dakika kamili, hutazama midomo na kucha zisigeuke samawati, husoma mashine ya kidoleni. Namba ikishuka chini ya 90 oksijeni hurudishwa. Huandika saa, dawa, kipimo, njia, na jina lake. Mama anaruhusiwa kukaa na kuhesabu naye. Ukiona kifua kinapanda mara chache kuliko mwanzo, au sauti ya kukoroma isiyo ya kawaida, mwite muuguzi hapo hapo, usingoje apite, wala usione kwamba unamsumbua.

Sasa upande wetu sisi wa nyumbani, ambako makosa mengi huanzia.

Mtoto akiwa katika dege haingizwi kitu mdomoni. Si kijiko, si kidole, si maji, si mafuta, na tunasema kwa heshima zote kwamba wala si kombe. Asome anayesoma, na dua haizuiliwi na yeyote. Lakini kinywaji chochote katika kinywa kisichojua kumeza huishia mapafuni. Mafusho nayo huibana pumzi ya mtoto ambaye tayari pumzi yake ni ya taabu. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, tazama saa, tafuta usafiri.

Ukipitia zahanati kabla ya hospitali kubwa, usiondoke bila ya karatasi iliyoandikwa dawa aliyopewa, kipimo, na saa. Kama hakuna karatasi, omba kichupa kitupu ukifunge ndani ya leso. Mtoto anayefika akiwa amelala, na hakuna anayejua amepewa dozi ngapi, ni mtihani mkubwa kwa muuguzi wa zamu: dege likirudi, hajui kama hii ni dozi ya kwanza au ya tatu. Sema pia kama ni mtoto wa kifafa anayetumia vidonge vya fenobabitoni nyumbani. Sema hata kama uliziacha dawa hizo mwezi mzima kwa sababu ya fedha au kwa sababu mtu alikwambia zinaharibu akili. Hakuna atakayekufukuza.

Kuna lingine tunalolitaja kwa uzito moyoni. Dawa za jamii ya diazepamu zinauzwa vichochoroni mwa miji yetu, na vijana wetu huziita bugizi. Kijana akiletwa hospitali akiwa na fujo, au amevunjika mguu na anatakiwa atulizwe ili uvutwe, familia huficha. Baba asema mwanawe hatumii chochote. Mama ainamisha uso. Muuguzi akiamini, hupima dozi ya mtu mwenye mwili safi, kumbe dawa mbili tatu ziko ndani tayari. Hivyo hivyo kwa wanaokunywa methadone katika kliniki za Malindi na Mombasa, wanaojitahidi kurudi katika njia njema: methadone na diazepamu zikikutana hulemea pumzi. Mvute muuguzi kando umwambie kwa sauti ya chini. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unamlazimu atunze siri yako, na hatakuuliza zaidi ya anachokihitaji kupima dozi.

Kwa sababu ya wizi wa dawa hizi, kabati lake wodini hufungwa kwa kufuli, na kila kichupa huandikwa katika daftari na kutiwa saini. Dawa inayobaki humwagwa mbele ya shahidi. Ukiona wauguzi wawili wamesimama juu ya kichupa kimoja wakiandika, msiwalaumu kwa kukawia.

Akina mama wajawazito wana dege lao, nalo ni kifafa cha mimba. Hapa diazepamu ilikuwa ndiyo dawa kwa miaka mingi, katika nchi nyingi. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ukiwahusisha wanawake 1,687, ukaonyesha kwamba magnesi salfeti huzuia dege kurudi kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na diazepamu. Tangu hapo ndiyo dawa inayostahiki. Hudungwa mshipani polepole na pia matakoni kwa sindano ndefu, na mama huhisi joto kali likimpanda mwilini; asishtuke. Muuguzi atarudi mara kwa mara kumgonga goti kwa kijinyundo, kuhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na kupima mkojo, kabla ya kila dozi inayofuata. Goti lisiporuka, sindano huahirishwa. Waume na mama wakwe wanaomuona muuguzi akigonga magoti ya mgonjwa mahututi wasidhani ni mchezo. Na mwanamke anayependa ahudumiwe na muuguzi wa kike, au angalau awe na mwanamke mwenzake pembeni wakati wa kufunuliwa, aseme mapema; mara nyingi hupatikana, isipokuwa katika dharura, na katika dharura hakuna anayelaumiwa.

Yupo pia anayetulizwa kwa hiari, aliyepangiwa kipimo au kushonwa. Kwa huyo sharti ni tumbo tupu: chakula kiachwe saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji meupe saa 2. Bibi anayemhurumia mjukuu akamtilia uji kwa siri nyuma ya mlango amemtia hatarini, kwani uji hupanda kooni mtoto akiwa amelala na kushuka mapafuni. Kama amekula, semeni. Kazi itasogezwa mbele, basi. Mtu mzima akitoka hapo asiendeshe gari wala pikipiki siku nzima, asisimame jikoni peke yake mbele ya moto, wala asitie saini hati yoyote. Wazee wapewe dozi ndogo, na usiku wa kwanza wasiachwe waende msalani bila ya mtu wa kuwashika mkono. Mama anayenyonyesha aulize kabla, maana diazepamu huingia katika maziwa na huweza kumlegeza mtoto.

Wengine wametuuliza kama sindano ya kutuliza inavunja saumu, na kuhusu swala za yule aliyelala zikampita. Hayo si ya safu hii. Tumeyapeleka kwa ukurasa wa maswali ya fiqhi, na majibu, inshallah, yatatoka katika toleo la wiki ijayo.